Mpime mdakaji kwa video, si kwa stopwochi

Kwa wenye vijana wanaodaka besiboli sekondari huku Marekani: kidole huchelewa, na mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, hupimwa kwa sehemu za kumi za sekunde: muda wa kudaka mpira na kuurusha hadi besi ya pili ili kumtoa mkimbiaji. Mrekodi kwa simu, picha 60 kwa sekunde, ukisimama pembeni ili glovu yake na ya mwenzake wa besi ya pili zionekane pamoja. Kisha peleka video picha moja moja: anza mpira unapogusa glovu yake, ishia unapotua kwenye ile ya mwenzake, umbali wa karibu mita 39. Idadi ya picha igawe kwa 60. Picha 120 ni sekunde 2.0, kasi ya kawaida ya ligi kuu; kijana wa sekondari akiikaribia, maskauti (wasaka vipaji) watamfuatilia. Pima mirusho mitano uchukue ya katikati, si ile bora (wazazi tunaipenda hiyo!). Jioni yenye mwanga hafifu baadhi ya simu hupunguza zenyewe idadi ya picha kwa sekunde, hesabu ikaharibika. Mpira ukidakiwa mbele ya besi, usiuhesabu. Na mazoezini, pasipo mpigaji wala mkimbiaji, karibu kila mdakaji huonekana mwepesi.