Kitambulisho Chako Kisimfae Mwizi
Anayetaka kujifanya wewe hana haja ya kukuona, kwani namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu zinamtosha kuanzia. Hapa Mombasa twaziacha wenyewe kwenye vibanda vya fotokopi na katika madaftari ya mabawabu wa majumba ya Moi Avenue, ambamo kila mgeni husoma habari za aliyemtangulia.

Anza na karatasi. Kila utoapo fotokopi ya kitambulisho, andika kwa wino, ukikatiza juu ya picha na maandishi, maneno kama "Kwa kukodi nyumba Kisauni tu", pamoja na tarehe, ili iwe vigumu kuitumia kusajilia laini au kuombea mkopo kwingine. Nakala iliyotoka vibaya ichukue uichane, usije ukarudishiwa imefungiwa karanga. Ikiwa umemtumia mwenye kibanda picha kwa WhatsApp ili akuchapie, simama papo hapo mpaka aifute, hata akinuna.

Kisha ilinde laini, maana anayeihamishia kwenye kadi yake ya simu ndiye atakayepokea misimbo ya benki yako. Mteja wa Safaricom hupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na *100*100# kuzuia laini yake isihamishwe na mawakala. Simu ikipoteza mtandao ghafla ilhali ya jirani inao, azima hiyo ya jirani uiarifu kampuni na benki mara moja. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa; umo kwenye fotokopi ile ile.

Data ikivuja kutoka kwa taasisi yenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 iwapo kuna hatari halisi ya madhara, na wewe pia uarifiwe kwa maandishi. Uliza ni taarifa zipi zilizotoka, kwa kuwa nywila hubadilishwa lakini namba ya kitambulisho haibadiliki. Usiporidhika na majibu, peleka malalamiko kwa Kamishna. Omba pia ripoti yako ya mikopo kwa CRB, yaani kampuni inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Ukikuta deni usilolijua, ripoti polisi, upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na uiambatanishe na barua ya kulipinga.