Mahindi kwanza, maharage baadaye
Ukitaka kuchanganya mahindi, maharage na maboga, kama Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, walivyofanya karne nyingi kabla hatujaanza kusikia habari za kilimo cha kuhuisha udongo, usipande vyote siku moja. Subiri mahindi yafike kimo cha shubiri, ndipo utie maharage yanayotambaa (yale mafupi hayafai hapa). Ukiyawahisha yatayalaza mahindi machanga. Maboga yafuate wiki moja baadaye. Majani yake yatafunika udongo na palizi itapungua sana.

Maharage yakianza kutoa maua, fukua shina moja upasue vile vinundu vya mizizini. Vikiwa vyekundu ndani, naitrojeni, chakula cha mimea, inanaswa kutoka hewani. Wakati wa kuvuna using'oe, kata shina tu, mizizi ioze humohumo.