Mavazi ya tamthilia ya kihistoria: kutoka skripti hadi shuka iliyochakaa

Binti mmoja wa Mafinga anaandaa mavazi ya tamthilia ya enzi za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, akaniomba nimwelekeze. Niliyomweleza nayaandika hapa, maana wengi wanakwama palepale alipokwama yeye: hatua ya tano.

Hatua ya 1: Andika mwaka pembeni ya kila sini (onyesho moja la skripti)

Mapigano ya Lugalo yalikuwa tarehe 17 Agosti 1891. Ngome ya Kalenga iliangushwa Oktoba 1894. Mkwawa alikufa 19 Julai 1898, baada ya kuwindwa porini kwa miaka. Shujaa anayekwenda Lugalo ana mkuki na ngao ya ngozi. Bunduki iliyotekwa kwa Wajerumani ataibeba kuanzia hapo, si kabla. Na kumbuka Julai ya Iringa. Sini za siku za mwisho zikionyesha watu vifua wazi usiku porini, mtazamaji wa huku hataamini.

Hatua ya 2: Mhoji mhusika

Nguo hii umeipata wapi? Nani alikupa? Amerikani (kitambaa cheupe cha pamba) na kaniki (kitambaa cheusi-buluu) zilipanda na misafara kutoka pwani, kwa hiyo shuka ilikuwa mali. Mwanamke aliyepewa shuka na mume aliyefia Lugalo hatakuwa na nyingine mwaka 1898. Atakuwa na ileile, imepungua upana, imeshonwa pindo upya. Mimi siruhusu mhusika mkuu apate nguo mpya bila skripti kueleza ilikotoka.

Hatua ya 3: Picha za zamani

Nenda makumbusho ya Kalenga na ya Boma, Iringa mjini. Picha za wakati ule zisome umbo: urefu wa shuka, fundo liko bega gani, shanga zinakaa wapi. Rangi usizisome kabisa. Sahani za picha za miaka hiyo hazikuhisi wekundu, hivyo nyekundu hutoka karibu nyeusi, na buluu hutoka imepauka. Ukinakili kivuli cha picha, utavalisha watu wote kijivu.

Hatua ya 4: Kununua

Amerikani ya pamba tupu, na kaniki. Kitenge kiache dukani. Kaniki nyingi za leo ni nyeusi. Ya zamani ilikuwa buluu nzito ya nili, basi tafuta yenye ubuluu. Usimsikilize muuzaji anayekuapia kwamba ni pamba. Chomoa nyuzi, choma. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu.

Hatua ya 5: Kuchakaza

Tenga siku za kutosha. Kwanza chemsha kitambaa na magadi hadi wanga wa kiwandani utoke wote. Ukiuacha, rangi itashika mabaka, na mabaka hayo hayaondoki.

Kwa rangi, wengi hutumia majani ya chai ya Mufindi, na ni mazuri: yanaua weupe unaowaka mbele ya kamera kwenye jua letu kali. Lakini mimi napenda zaidi gome la mti wa muwati kutoka Njombe. Lichemshe kama saa moja, chuja, kisha tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa tayari. Kikavu kinanyonya kwa michirizi. Koroga muda wote, usiende kupokea simu. Usihukumu rangi ikiwa mbichi: kitambaa kilicholowa siku zote ni cheusi zaidi. Anika, kikikauka ndipo uamue kama kinarudi sufuriani.

Ukitaka kijivu cha uchakavu, loweka misumari yenye kutu ndani ya siki, kisha maji yake yaguse kwa brashi sehemu chache tu. Chuma kikikutana na rangi ya gome kinageuka cheusi. Suuza sana, kwa sababu chuma kikibaki kinakula pamba polepole. Blichi usiiguse, inadhoofisha nyuzi na nguo itachanika katikati ya sini.

Msasa unakuja baada ya rangi, kamwe si kabla, ili palipolika papauke. Sugua panapolika kwa mwili: fundo la begani, makalioni, pindo, mahali mkanda wa bunduki unapopita. Muulize dairekta mhusika anatumia mkono gani. Palipochanwa na miiba pachane kwa mkono. Mkasi unaacha ukingo ulionyooka na kamera inauona. Mwisho ni udongo. Chukua wa palepale lokesheni, uchekeche, ukaange kwenye sufuria kavu kuua funza na viroboto, ndipo uupake nguo ikiwa na unyevu.

Andaa nakala tatu za kila nguo ya mhusika mkuu: mpya, iliyovaliwa, iliyochakaa. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio wa miaka. Asubuhi unaweza kuwa 1898, mchana ukarudi 1891, na nguo iliyochakaa hairudi kuwa mpya.

Hatua ya 6: Kuvalisha

Funga lubega, yaani shuka yenye fundo begani, kama walivyofunga. Pini za kisasa zifiche.

Hatua ya 7: Kontinyuiti (nguo ifanane sini hadi sini)

Piga picha ya mwigizaji mbele, nyuma, na fundo kwa karibu, kabla hajavua. Iandikie namba ya sini papo hapo, halafu picha na nguo viingie mfuko mmoja.