Namna ya Kuhesabu Viboko Mtoni: Mwongozo kwa Askari Wanyamapori wa Vijiji, Iringa

Anayejifunza kuhesabu nyangumi au pomboo hukutana mapema na tatizo ambalo mhesabu swala halijui: mnyama yupo, lakini amezama. Iringa haina bahari, ila tunaye kiboko, ambaye uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ndiye ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo miongoni mwa wanyama wote walio hai leo. Kwa sababu hiyo, mbinu zinazotumika kumhesabu kiboko kwenye mto Ruaha Mkuu zinafanana sana na zile za baharini, na kijana aliyezimudu huku Pawaga au Idodi hatapata shida akipelekwa Kizimkazi, Zanzibar, kuhesabu pomboo.

Hatua ya kwanza: kibali na majira. Utafiti wa wanyamapori unahitaji kibali cha TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Ndani ya hifadhi ya taifa utaongozana na askari wa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, na kwenye eneo la jumuiya ya hifadhi mtazungumza na viongozi wake kabla ya jambo lolote. Hesabu ifanyike kiangazi, kuanzia Septemba hadi mvua zinapokaribia, kwa kuwa wakati huo maji hupungua na viboko hujikusanya kwenye madimbwi machache. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa sehemu karibu kila kiangazi, kutokana kwa kiasi kikubwa na maji yanayochukuliwa juu kule Usangu. Kwa hiyo usishangae dimbwi lililokuwa na viboko wengi mwaka jana kukutwa likiwa mchanga mtupu. Wanyama hao si lazima wawe wamekufa, kwani huenda wamehamia dimbwi la jirani, na ndiyo maana sehemu yote ya mto ihesabiwe kwa siku zinazofuatana.

Hatua ya pili: saa na mahali pa kusimama. Anza saa tatu asubuhi, viboko wakiwa wamesharudi kutoka malishoni na wengi wakiwa wamejianika kwenye mafungu ya mchanga. Alfajiri na magharibi kaa mbali na njia zao, maana kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini hushambulia bila onyo. Simama juu ya ukingo mrefu, upepo ukikupiga usoni, mahali ambapo hawezi kupanda moja kwa moja. Usishuke majini hata pakiwa na kina kifupi; mamba nao wana dimbwi hilohilo. Kiboko anayepanua kinywa mbele yako anakutisha, wala hapigi miayo ya usingizi, kwa hiyo rudi nyuma taratibu. Vifaa ni vichache: darubini inayokuza mara nane, kaunta ya mkononi, saa, daftari na penseli. Wino huvuja ukilowa, penseli haivuji.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi huharakisha. Kiboko mkubwa anaweza kukaa chini ya maji kwa takriban dakika tano, ingawa kwa kawaida huibuka mapema zaidi. Ndama huibuka mara nyingi zaidi kuliko mama yake. Ukifika, ukahesabu vichwa mara moja na kuondoka, umehesabu waliokuwa wakipumua dakika ile tu. Kaa kwenye dimbwi nusu saa. Kila baada ya dakika mbili pitisha darubini kutoka upande mmoja hadi mwingine, bonyeza kaunta kwa kila kichwa, andika idadi, rudisha kaunta kwenye sifuri. Mwishoni chukua idadi kubwa kuliko zote. Usijumlishe, kwa kuwa wengi ni walewale. Tega sikio pia: anayeibuka hupuliza maji kwa nguvu puani, kisha hupiga masikio kwa kasi mpaka matone yanaruka, na mara nyingi utamsikia kabla hujamwona. Walio nchi kavu waandikwe safu yao peke yake, ndama nao safu yao. Kwangu ndama ni yule asiyefikia nusu ya urefu wa mama yake; usijaribu kutenganisha madume na majike, kwa mbali utabahatisha tu.

Tofauti kati ya idadi ndogo na kubwa uliyoandika ni taarifa yenye thamani, kwa hiyo usiifute. Inaonyesha ni sehemu gani ya kundi hufichika kwa wakati mmoja. Watafiti wa nyangumi hupima jambo hilohilo, ila wao wana kazi ngumu zaidi, kwani wapo nyangumi wenye meno wanaozama kwa zaidi ya saa nzima.

Hatua ya nne: watu wawili, midomo imefungwa. Zaidi ya wanyama waliozama, wapo wanaoonekana lakini macho yako yakawapita, hasa nyuma ya matete. Watembee wahesabu wawili, kila mmoja na daftari lake, pasiwe na kuonyeshana kwa kidole. Jioni linganisheni makundi, si vichwa. Tuseme wewe umeona makundi 20, mwenzako 18, na 15 mmeyaona wote. Zidisha 20 kwa 18, gawanya kwa 15, unapata 24. Kwa pamoja mliyaona 23, kwa hiyo kuna kundi moja ambalo huenda liliwapita nyote wawili. Meli za utafiti wa nyangumi huweka timu mbili za waangalizi zisizowasiliana kwa sababu iyo hiyo. Wapo wanaoona kukaa kimya ni ukali usio na maana. Nionavyo mimi, ukimwonyesha mwenzako kundi hata moja, hesabu hii haifanyi kazi tena.

Hatua ya tano: kuhifadhi takwimu. Nakilisha daftari siku hiyohiyo. Ramani ya madimbwi usiitume kwenye makundi ya simu, kwa kuwa meno ya kiboko hununuliwa badala ya pembe za ndovu, na ndiyo sababu biashara yake inadhibitiwa chini ya Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Viongozi wa kijiji wapewe jumla, pamoja na maeneo ambako viboko wanakaribia mashamba ya mpunga, ili ulinzi wa usiku upangwe mapema.

Mwisho, dimbwi ulilolichunguza nusu nzima ya saa bila kuona kitu liandikwe: tarehe, saa, hali ya maji, na sifuri. Safu iliyoachwa wazi itasomwa mwakani kana kwamba hukufika.