Kupima pumzi ya askari wa zimamoto kwenye vilima vya Mwanza

Anayeijua Mabatini au Igogo ataelewa mara moja: gari la zimamoto linaishia barabarani, moto uko juu kwenye mawe. Kuanzia hapo ni miguu. Askari anapanda vijia na ngazi za mawe akiwa na koti zito, mtungi wa hewa mgongoni na roli la mpira wa maji begani, na akifika mlangoni ndipo kazi inaanza. Kwa hiyo ukiniambia askari wako anakimbia vizuri, nitakuuliza: akifika kule juu anatumia lita ngapi za hewa kwa dakika? Hapa naeleza jinsi ninavyoipata namba hiyo. Andaa uwanja, ngazi ndefu, seti ya kupumulia yenye mtungi uliojaa, saa, na mtu wa kukuandikia.

Hatua ya 1: Jua nani hapimwi leo

Pima mapigo ya moyo na presha mtu akiwa ameketi dakika tano. Presha ikisoma 160/100 au zaidi, simpimi, namwandikia aende kwa daktari. Muulize waziwazi kuhusu maumivu ya kifua, kizunguzungu na homa. Huku Kanda ya Ziwa tumezoea malaria kiasi kwamba mtu anameza dawa usiku na asubuhi anajipanga mstarini. Mrudishe. Nchini Marekani karibu nusu ya askari wa zimamoto wanaofia kazini huuawa na moyo, si na moto wenyewe, na mimi sitaki moyo wa mtu usimame mikononi mwangu kwa sababu ya zoezi.

Anza saa 12:30 asubuhi. Mawe ya Mwanza yakishashika jua yanarudisha joto mwilini, na utakuwa unapima joto badala ya kupima pumzi.

Hatua ya 2: Dakika 12 uwanjani

Pima mzunguko wa mita 400 kwa tepu, weka alama kila mita 50. Askari akimbie dakika 12, uandike mita alizofika. Toa 504.9, kisha gawa kwa 44.73. Unachopata ni makadirio ya oksijeni ambayo mwili wake unaweza kutumia, kwa mililita kwa kila kilo kwa dakika. Uingereza wanapendekeza 42.3 kwa askari wa zimamoto. Mita 2,400 zinakupa 42.4, kwa hiyo mimi nakumbuka 2,400 tu. Mita 2,100 zinakupa 35.7, na hapo mtu anahitaji mazoezi ya haraka kabla ya kuingizwa kwenye moshi.

Hatua ya 3: Kagua seti kabla ya kumlaumu mtu

Fungua mtungi, soma geji, funga, subiri dakika moja. Sindano ikishuka zaidi ya baa 10 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini), kuna mahali panapovuja na vipimo vyote vitakuwa uongo. Kisha achilia hewa polepole usikilize filimbi inayoonya kwamba hewa inakaribia kuisha. Kwenye seti nyingi inalia kati ya baa 50 na 60.

Ndevu zinyolewe. Avae barakoa, mtungi ukiwa umefungwa, avute hewa iliyobaki mpaka barakoa imng'ang'anie usoni, abane pumzi sekunde kumi. Ikilegea, hewa inapotea pembeni. Na wafundishe wapya mapema: mtungini mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu. Wengi wanaamini oksijeni, na imani hiyo inawafanya wajione wana muda mrefu kuliko walio nao.

Hatua ya 4: Mzunguko wa kazi, dakika 12

Andika baa za kuanzia, anza kuhesabu muda anapopumua ndani ya barakoa. Mimi natumia kazi hizi: abebe maroli mawili ya mpira mita 100, apande na kushuka ngazi dakika tano, avute mpira uliojaa maji mita 25, agonge tairi kwa nyundo mara 30, atambae mita 20, na mwisho aburute gunia la mchanga la kilo 70 kwa mita 20. Akimaliza mapema, atembee mpaka dakika 12 zitimie. Soma geji kila kituo. Usiruhusu mbio. Haya si mashindano, ni mwendo ule ambao angeutumia kwenye nyumba inayoungua. Filimbi ikilia, zoezi limeisha.

Kijana mmoja niliyempima, kifua kipana, anakimbia kuliko wote, alitumia hewa nyingi mpaka akadai seti ni mbovu. Nikambadilishia seti. Matokeo yakawa yale yale, lita 80 na kitu kwa dakika, wakati dada aliyekuwa jozi yake alitumia 50. Nikasimama karibu nikamtazama mabega: yalikuwa yanapanda na kushuka kwa kila pumzi, fupi fupi, na hewa yote inaishia juu ya kifua. Nikamlaza chali, mkono juu ya kitovu, avute mpaka mkono unyanyuke, atoe polepole kuliko alivyovuta. Dakika kumi kila siku, kisha akiwa anatembea, kisha akiwa na barakoa. Baada ya wiki sita alishuka hadi 60. Misuli ilikuwa ile ile.

Hatua ya 5: Rudia baada ya kupanda mlima

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na kwa Mwanza ndiyo yenye uzito. Siku nyingine, mpandishe kwanza ngazi za mawe akiwa na vifaa vyote, barakoa ikining'inia kifuani. Juu apumzike dakika moja, avae barakoa, afanye mzunguko ule ule.

Hatua ya 6: Hesabu

Baa zilizotumika zidishe kwa ujazo wa mtungi, gawa kwa dakika. Mtungi wa lita 6.8, ameanza 290 ameishia 170: baa 120 mara 6.8 ni lita 816, kwa dakika 12 ni 68. Baada ya kupanda mlima ameishia 155: lita 918, yaani 76.5 kwa dakika. Kutoka 290 hadi filimbi ya 60 ana lita 1,564. Akiwa hajachoka zinampa dakika 23, akitoka mlimani dakika 20. Hewa iliyoshindiliwa sana haifuati kuzidisha huku sawasawa, ila kwa hesabu hii kosa linaangukia upande wa usalama.

Kurudi nako kunakula hewa. Toa 60 kwenye 290, zinabaki 230, nusu yake 115: geji ikifika 175, jozi inageuka. Anayetumia hewa nyingi ndiye anayeamua kwa wote wawili, hata kama mwenzake bado ana mtungi karibu mzima.

Akivua barakoa, mvue koti papo hapo na aweke mikono hadi viwiko kwenye ndoo ya maji ya baridi dakika 10 hadi 15 huku akinywa maji. Pima mapigo dakika ya kwanza na ya tatu. Akianza kuongea ovyo au ngozi ikikauka kwa joto, mmwagie maji mwili mzima na gari liwashwe kwenda hospitali.

Namba mbili za lita kwa dakika, ya kabla ya kupanda mlima na ya baada yake, ziandike kwenye kadi ya kila askari pamoja na tarehe, kwa kalamu isiyofutika. Pima tena kila miezi mitatu. Kadi zikae kwenye gari, mahali ambapo afande anayesimamia mlango anazifikia bila kuzitafuta.