Kutoka Ufukweni Hadi kwa Mhariri: Kuandaa Makala ya Akiolojia ya Bahari

Makala yangu ya kwanza ilirudi siku ya nne, hata kwa wahakiki, wataalamu wanaoipima kabla haijachapishwa, haikufika. Mhariri aliandika mistari miwili: picha hazina kipimo, na kibali cha utafiti hakikutajwa. Wiki tatu nilikuwa nimekesha nikinyoosha Kiingereza, kumbe ugonjwa haukuwa huko. Tangu hapo nafuata mpangilio huu, nao huanza mbali na kompyuta.

Hatua ya 1: Kibali

Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kuzungumza na Makumbusho ya Taifa. Tanzania Bara ni COSTECH, tume ya sayansi ya huko, na Idara ya Mambo ya Kale. Zanzibar ina mamlaka yake, kwa hiyo usidhani karatasi ya Bara inavuka maji. Namba ya kibali iandike ukurasa wa kwanza wa daftari la uwandani, maana miaka miwili baadaye utaitafuta usiione.

Pita pia kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wavuvi. Wao ndio wanaojua nyavu hunasa wapi, na mara nyingi hapo ndipo kuna nanga au mbao za chombo.

Hatua ya 2: Swali moja

“Tulipata vigae na mbao” ni taarifa ya uwandani. Jarida linataka jibu la swali fulani. Chukua Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa, ikachimbwa kati ya 1977 na 1980. Ukituma leo makala ya kueleza tu kwamba ipo, utaambiwa hilo linajulikana. Ukiuliza vyungu vilivyotoka ndani yake vinasema nini kuhusu watu waliokuwa wakila humo, hapo una makala.

Amua pia unapima ukongwe kwa kigezo kipi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964 inaangalia vitu vya kabla ya 1863; mkataba wa UNESCO wa 2001 unahesabu miaka 100 chini ya maji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, inatimiza cha pili na si cha kwanza. Ukivichanganya, mhakiki atakukamata.

Hatua ya 3: Vielelezo kabla ya maneno

Hapa usiwe na haraka. Mimi hupanga picha na michoro yote mezani kabla sijaandika sentensi hata moja. Kielelezo kisichojibu swali langu nakiondoa, hata kama nilikipata kwa shida, nimezama magotini kwenye tope la mikoko.

Kila picha iwe na fimbo ya kipimo, na kila ramani iwe na mshale wa kaskazini. Picha nyingi za ufukweni hupigwa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, na una saa chache tu. Ubao ukiwa umelowa hung'aa na kuficha matundu, kwa hiyo ufunike kivuli kisha piga kwa mwanga wa pembeni. Ukiuchora, chora pande zote mbili na ukingo.

Maelezo ya picha ndiyo yanayomtofautisha mzoefu na mgeni. Mgeni huandika: “Kipande cha mbao kutoka ufukweni.” Mzoefu huandika: “Kielelezo 4. Ubao wa chombo cha kushonwa, upande wa ndani. Mishale inaonyesha matundu ya kamba na alama za msuguano. Ukingo wa kushoto umeliwa na mchwa wa baharini. Kipimo: sm 20.” Msomaji aliye mbali anaweza kukubishia kwa ushahidi huohuo, na ndivyo inavyotakiwa.

Jina la sehemu ya chombo liulize kwa fundi. Mkuku, taruma, hanamu, tezi, omo: yaandike kama yalivyo, kisha eleza kila moja mara ya kwanza linapotokea. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba badala ya misumari, ulishonwa na watu waliokuwa na jina la kila kamba, na neno la Kizungu la jumla hupoteza nusu ya habari.

Hatua ya 4: Kuandika

Anza na mbinu, kisha matokeo, mjadala, utangulizi. Ikisiri, yaani muhtasari, iwe ya mwisho. Tarehe za kaboni, yaani umri uliopimwa maabara kwa kaboni iliyomo kwenye kitu, zitaje pamoja na namba ya maabara na kiasi cha kosa kabla ya kusahihishwa. Ganda la kombe hubeba kaboni kongwe ya baharini, kwa hiyo huonekana la kale kuliko lilivyo; sema umelisahihisha vipi.

Mahali halisi pa mabaki usipaanike. Taja ghuba na kina cha maji, basi. Namba kamili za GPS wape wenye mamlaka, kwani wezi wa mali za baharini nao husoma majarida.

Hatua ya 5: Kutuma

Jarida la Azania, lililoanzishwa 1966, hupokea akiolojia ya Afrika kwa mapana. International Journal of Nautical Archaeology hupendelea vyombo vyenyewe na ujenzi wake. Soma makala tatu za karibuni za jarida ulilochagua, kisha fuata mtindo wake wa marejeo hadi nukta ya mwisho. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa, likimbie.

Uhakiki ukiwa wa siri, futa jina lako kwenye faili, shukrani na hata sifa za faili zilizofichwa. Hili la mwisho husahaulika sana.

Hatua ya 6: Maoni yakirudi

Yasome, funga kompyuta, kalale. Kesho yake tengeneza jedwali la safu mbili: kushoto maneno ya mhakiki, kulia ulichobadilisha na ukurasa wake. Usipokubaliana naye, sema kwa adabu na uweke ushahidi. Mmoja aliwahi kuniambia matundu yangu ni ya misumari. Nilimtumia picha ya karibu yenye nyuzi za kumbi, za ganda la nazi, zikiwa bado ndani ya tundu, na hoja hiyo hakuirudia.