Kuchaji gari na bajaji za umeme bila kuielemea transfoma ya mtaa

Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, lakini umeme wote huo hufika kwako kupitia transfoma ya mtaa, na hapo ndipo panapobana. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 usiku pasi, feni, majiko na viyoyozi huwaka pamoja. Saa 8 usiku transfoma hiyohiyo inapumua. Ibebeshe transfoma ya kVA 100 (inayobeba takriban kilowati 100) magari 10 yanayovuta kilowati 7.4 kila moja, na karibu robo tatu ya uwezo wake imekwisha kabla mtu hajawasha taa. Ndiyo maana msaada mkubwa ambao mwenye chombo cha umeme Dar anaweza kuupa mtandao ni kubadili saa za kuchaji.

Anza na hesabu. Gari dogo huenda kilomita 6 hivi kwa uniti moja. Mbezi Mwisho hadi Posta na kurudi ni kilomita 40 na ushei, yaani uniti 8 ukijumlisha zinazopotea kama joto kwenye chaja. Kwa amp 10 unavuta kilowati 2.3, na uniti 8 zinaingia kwa saa tatu na nusu. Hakuna sababu ya kuvuta amp 32 ukifika tu nyumbani. Ingia kwenye menyu ya gari, weka amp 10 au 16, kisha weka muda wa kuanza saa 6 usiku. Kosa la kawaida ni kuandika 6:00, na gari linaanza kuchaji saa 12 asubuhi. Saa 6 usiku ni 00:00.

Soketi ya kawaida ya amp 13 haikuundwa kubeba mzigo mzito kwa saa nyingi mfululizo. Usizidishe amp 10, na usitumie ekstensheni. Baada ya nusu saa shika plagi: ikiwa ya moto, zima, kwa sababu mguso uliolegea ndio unaoyeyusha soketi. Chaja ya amp 32 inahitaji waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kutoka meni swichi, breka yake peke yake, kinga ya uvujaji wa umeme ya miliamp 30, na ethi iliyopimwa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Bajaji haina menyu, hivyo unahitaji taima, yaani swichi ya saa. Betri ya volti 60 na amp-saa 100 ina uniti 6, na chaja ya amp 15 huijaza kwa saa 6 au 7. Taima za bei nafuu, zile za kuzungusha zenye vipini, zina kasoro kubwa kwa mji huu: umeme ukikatika, saa yake nayo inasimama. Umeme ukikatika mara tatu ndani ya wiki, kila mara kwa muda wa saa mbili, bajaji iliyopangwa kuchaji saa 5 usiku itaanza saa 11 alfajiri na dereva ataondoka na betri nusu. Nunua taima ya kidijitali yenye betri ndani. Kwa yadi yenye chaja nyingi, taima iwashe kontakta (swichi kubwa inayowashwa kwa umeme), na kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Ongeza pia rilei ya kuchelewesha, yaani swichi inayosubiri kidogo umeme ukirudi kabla ya kuwasha, na kila chaja ipe muda wake: dakika 5, 8, 12. Umeme unaporudi, mafriji na viyoyozi vyote vya mtaa huamka kwa pamoja, na chaja zikijiunga papo hapo fyuzi ya transfoma inaweza kukatika tena. Volti zikishuka sana, chaja ya bajaji huvuta amp nyingi zaidi ili itoe nguvu ileile, kwa hiyo inazidi kuumiza waya ambao tayari umechoka.

Bei ya uniti ya LUKU nyumbani haibadiliki usiku wala mchana. Unachopata ni volti zilizotulia, kwako na kwa jirani.

Kama gari lako lina tundu la kutoa volti 230, saa 1 jioni liache liendeshe friji, feni na taa. Wati 500 kwa saa tatu ni uniti moja na nusu tu. Vyombo vichomekwe moja kwa moja kwenye adapta ya gari. Usichomeke waya wa gari kwenye soketi ya ukutani, hata umeme ukiwa umekatika. Transfoma hupandisha volti 230 zako kuwa 11,000 au 33,000 upande wa pili, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini waya umekufa. Kurudisha umeme kwenye mtandao wenyewe kunahitaji chaja ya pande mbili inayojizima mtandao unapokatika, pamoja na kibali cha TANESCO kabla ya kufunga chochote.